Nikeli ya Ngara na matope ya Chwaka

Unguja hakuna mgodi wa nikeli, Pemba hakuna, na hakuna anayetarajia uwepo. Naanza na hilo kwa sababu kila inapotoka habari mpya ya mradi wa nikeli wa Kabanga, kule Ngara mkoani Kagera, swali hurudi lile lile barazani na kwenye simu: mbona bara wana dhahabu, tanzanaiti na nikeli, na sisi visiwani tuna mawe ya chokaa na mchanga? Wengine hulijibu kwa siasa, wengine kwa majaaliwa. Jibu lake la kijiolojia halisemwi sana, na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Ukilifuata hadi mwisho unakuta kwamba kati ya vitu viwili vikubwa vinavyotengeneza mbale ya nikeli na shaba, yaani jiwe lenye metali ya kutosha kuchimbwa, kimoja tunacho. Kinatengenezwa hapa hapa, leo, chini ya mikandaa ya Chwaka. Tulichokosa ni cha pili.

Kwanza tuitazame ardhi tuliyoikalia. Mtu akitoka Paje kwenda Makunduchi anapita juu ya maweni, jiwe lenye ncha ambalo zamani lilikuwa mwamba hai wa matumbawe. Kwa hesabu za dunia, jiwe hilo ni changa. Sehemu yake kubwa ilijengeka nyakati ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, mara ya mwisho takriban miaka 125,000 iliyopita, kisha maji yakashuka yakaliacha kavu. Ukija upande wa magharibi, kwenye udongo wa kinongo na vilima vya Masingini, au ukivuka kwenda kwenye vilima vya Pemba, unakuta mchanga na udongo wa kale zaidi, wa enzi ya Miosini, wenye umri wa mamilioni ya miaka. Chini ya hapo kuna nini? Ushahidi tunao. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni za BP na Shell zilichimba visima virefu vya kutafuta mafuta Unguja na Pemba, vikapita kina cha kilomita tatu. Mpaka vinasimama vilikuwa bado ndani ya miamba tabaka: mchanga, udongo na chokaa vilivyojilaza kwenye sakafu ya bahari, tabaka juu ya tabaka, baada ya Madagaska kuanza kujitenga na Afrika. Mwamba wa kale, wa aina ile inayoonekana Uluguru na Usambara, uko chini zaidi na haukufikiwa.

Kwa hiyo sisi tumekaa juu ya kilomita kadhaa za mashapo ya bahari. Hilo tuliweke akilini, tutalihitaji.

Nikeli yenyewe si adimu duniani. Nyingi imezama katika kiini, pamoja na chuma. Juu ya kiini kuna mantili, lile tabaka nene la mwamba wa moto lililo chini ya ganda la dunia, na humo kila tani moja ya mwamba inabeba takriban kilo mbili za nikeli, iliyojificha ndani ya madini ya kijani yaitwayo olivini. Hata chini ya Unguja, ukishuka makumi ya kilomita, mwamba huo upo. Lakini ganda la juu, hili tunalolima na kujengea, lina chini ya gramu mia moja kwa tani. Mgodi unaohitaji asilimia moja, mbili au tatu ya nikeli ndani ya jiwe unahitaji kitu cha kuipandisha nikeli kutoka chini, halafu kitu kingine cha kuikusanya. Watu wengi wakieleza habari hii hueleza kupanda tu. Mimi naona kukusanya ndiko kwenye siri.

Kupanda nitakupitia haraka. Mantili ni mwamba mgumu ingawa ni wa moto sana. Unapopanda polepole kutoka kina kirefu shinikizo linapungua, na sehemu yake inaanza kuyeyuka. Ikiyeyuka sehemu ndogo tu, magma inayotoka, yaani mwamba ulioyeyuka, huacha nyuma salfidi, yaani mchanganyiko wa salfa na metali, na salfidi hiyo inabaki imeshikilia shaba, platinamu na baadhi ya nikeli. Inatakiwa mantili iyeyuke kwa wingi, kiasi cha moja ya tano au zaidi, ndipo salfidi yote iyeyuke na metali ziingie ndani ya magma. Magma ya namna hiyo ni ya moto mkali na ina magnesi nyingi. Katika dunia ya kale, miaka bilioni 2.7 iliyopita, kulikuwa na aina yake iitwayo komatiti iliyotoka ardhini ikiwa na joto la karibu nyuzi 1,600 za Selsiasi. Lava za leo za Hawaii hutoka na joto la nyuzi 1,200 hivi.

Sasa magma ina metali, inapanda. Ikipoa hivi hivi, nikeli itarudi tena ndani ya olivini, chembe hapa, chembe pale, gramu mia chache kwa tani, na jiwe litakalotoka litakuwa zito, jeusi, zuri kwa kujengea barabara, lisilo na faida kwa mwenye mgodi. Dunia imejaa mawe ya namna hiyo. Baadhi yake, yakikaa juu ya ardhi ya joto na mvua kwa mamilioni ya miaka, huoza, magnesi ikachukuliwa na maji na nikeli ikabaki katika udongo mwekundu. Hiyo ndiyo nikeli ya udongo inayochimbwa Indonesia na iliyopo Musongati nchini Burundi. Ni njia nyingine kabisa, na sitaifuata.

Njia ya Kabanga ni ya salfa. Magma ya moto inaweza kubeba salfa kidogo iliyoyeyuka ndani yake bila kuonekana. Ikizidi kiwango, haiwezi tena kuificha. Mpishi yeyote wa Unguja amewahi kuona tui likikatika jikoni: lilikuwa kitu kimoja cheupe, ghafla mafuta yanajitenga yanaelea peke yake. Magma nayo hukatika. Ndani yake hujitokeza matone ya kimiminika cha pili, kilichojaa chuma na salfa, kisichochanganyika na kile cha kwanza. Tofauti na mafuta ya nazi, matone haya huzama, kwa sababu uzito wake unapita mara moja na nusu uzito wa magma yenyewe.

Na matone hayo yana uchu wa ajabu na metali. Nikeli, ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya kubaki katika magma na kuingia katika tone la salfidi, huingia kwenye salfidi mara mia kadhaa zaidi. Shaba huzidi hapo. Platinamu na paladi hufika mara makumi elfu na kuendelea. Hapo ndipo kukusanya kunapofanyika. Metali iliyotawanyika katika magma nyingi inasombwa na kimiminika kidogo, kikazama nayo.

Basi swali la mjiolojia anayetafuta mbale hii halianzi na nikeli imetoka wapi, maana nikeli ilikuwepo siku zote. Linaanza na salfa: imetoka wapi, na ilifika saa ngapi?

Hapa kuna jambo linalonistaajabisha kila nikilifikiria. Uwezo wa magma kuficha salfa huongezeka shinikizo linapopungua. Maana yake ni kwamba magma iliyotoka mantilini ikiwa imeshiba salfa, ikipanda hadi karibu na uso wa dunia, inakuwa na njaa ya salfa. Kule chini ilikuwa imejaa, huku juu ina nafasi. Ikiachwa peke yake haitakatika, au itakatika imechelewa, imeshapoa, na olivini imeshachukua nikeli yake yote. Ili ikatike mapema, ikiwa bado na metali zote, lazima ipewe salfa na mtu mwingine njiani. Huyo mwingine ni mwamba inaoupasua ikipita.

Na salfa ya mwamba hutoka wapi? Tuje Chwaka.

Ghuba ya Chwaka ina msitu mkubwa wa mikandaa kuliko wote Unguja. Kina mama wanaochokoa pwani wanaijua harufu ya matope yake yakichimbuliwa, ile ya mayai viza, na wanajua kwamba chini kidogo ya uso matope huwa meusi. Majani yanaanguka, yanaoza, oksijeni ndani ya tope inakwisha. Wanabaki bakteria wasiohitaji oksijeni. Hao huvuta salfeti iliyomo ndani ya maji ya bahari na kuitoa kama gesi yenye harufu ile. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo inageuka salfidi ya chuma, na ndiyo inayolipaka tope rangi nyeusi. Baada ya muda salfidi hiyo hukua ikawa piriti, vifuwele vidogo sana vya rangi ya manjano inayong'aa. Kwa njia hii salfa ya bahari inafungwa ndani ya ardhi, siku baada ya siku, Chwaka, na katika mikandaa ya Pemba vilevile.

Kabla ya Kabanga kuwa Kabanga, eneo lile lilikuwa bahari au bonde la maji lenye tope jeusi la namna hiyo. Mikandaa haikuwepo, wala mmea wowote wa nchi kavu haukuwepo duniani wakati huo. Vilikuwepo viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini bakteria wa salfa walikuwepo na kazi yao ilikuwa hii hii. Tope likafukiwa, likakandamizwa, likageuka mwamba wa shisti wenye salfidi za chuma na grafiti, mabaki ya viumbe vile. Halafu, takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita, magma ya mantili ikapenya katikati yake.

Tunajuaje kwamba salfa ya Kabanga ilitoka kwenye tope na haikuja na magma? Salfa ina atomi zenye uzito tofauti kidogo, na uwiano wa nzito kwa nyepesi katika mantili unajulikana, haubadiliki sana. Bakteria hupendelea nyepesi na kuiacha nzito nyuma, kwa hiyo popote walipopita uwiano unavurugika, na mashapo ya bahari hubeba alama ya vurugu hiyo milele. Wanasayansi walipopima mbale ya Kabanga waliikuta salfa yake nzito kuliko ya mantili kwa kiasi kikubwa, ikikubaliana na ya mashapo yanayoizunguka. Alama ya viumbe wasioonekana imekaa ndani ya jiwe la nikeli kwa miaka bilioni moja na zaidi. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko hadithi yoyote.

Kwa hiyo jibu la swali la barazani ni hili. Salfa tunayo, tena tunaendelea kuitengeneza, na kilomita tatu za miamba tabaka chini yetu ni mashapo ya aina ambayo magma yenye njaa ingeyakaribisha. Magma yenyewe ndiyo haikupita. Bahari ilipofunguka hapa mbele yetu, magma kubwa ya moto ilipata njia kwingine.

Nirudi kwenye matone, kwa sababu kukatika tu hakutoshi. Tone la salfidi likizama mara moja bila kutembea, limekutana na magma kidogo tu na limechukua metali kidogo. Likisukwasukwa ndani ya magma inayotiririka, linakutana na magma mpya kila dakika, linaendelea kunywa. Tufanye hesabu. Tuchukulie kila tani ya magma ina gramu 300 za nikeli, na salfidi inaipenda nikeli mara 300 kuliko magma inavyoipenda. Tani moja ya salfidi ikikutana na tani 100 za magma, itaishia na nikeli ya asilimia 2.3 hivi. Ikikutana na tani 1,000, itafika karibu asilimia 7. Ukiongeza magma zaidi haipandi sana, inakaribia kushiba. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa platinamu, ambayo mapenzi yake kwa salfidi ni kama mara 100,000. Kwa tani 100 za magma inakuwa imejilimbikiza mara mia moja; kwa tani 10,000 imejilimbikiza zaidi ya mara elfu tisa. Haina dalili ya kushiba.

Hesabu hii inafumbua jambo ambalo wengi hulishangaa kuhusu Kabanga: kwa nini nikeli ni nyingi na platinamu ni kidogo. Tope lilitoa salfa kwa ukarimu mno. Salfidi ilikuwa nyingi kulinganisha na magma iliyokuwepo, ikatosheka kupata nikeli nzuri, isipate platinamu ya maana. Mashapo yenye salfa kidogo zaidi yangeleta mbale ndogo yenye platinamu nyingi.

Halafu kuna suala la mahali pa kutua. Magma inapanda kwenye mirija na nyufa, mahali pembamba inakwenda kasi, mahali papana inapungua mwendo. Pale mwendo unapopungua matone mazito yanaanguka, yanaungana, yanajaza sakafu ya mrija. Ndiyo maana mbale nyingi bora za nikeli hazipatikani katika miamba mikubwa ya magma inayoonekana kwa mbali, zinapatikana katika vijimwamba vyembamba ambavyo ramani ya kawaida inaweza kuviruka. Kabanga ni hivyo. Miamba yake ya magma ni mirija myembamba iliyolala ndani ya shisti, na salfidi imejikusanya chini na pembeni yake, nyingine ikasukumwa nje kabisa ikaingia ndani ya mashapo.

Salfidi ikishatua bado ni kimiminika, na inavyopoa inajipanga. Kwanza hugandika fuwele lenye chuma, nikeli na salfa pamoja, likiwa bado na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Shaba haipendi kuingia humo. Inabaki katika kimiminika kilichosalia, ambacho kinaweza kukimbilia kwenye nyufa na kuganda mbali kidogo. Joto likishuka chini ya nyuzi 650 hivi, fuwele lile la kwanza halitulii tena, nikeli inajitenga ndani yake ikiwa tayari ni jiwe gumu. Matokeo ni madini matatu ambayo mchimbaji wa nikeli popote duniani anayajua. Pirotiti, chuma na salfa, ya rangi ya shaba iliyofifia, inavutwa na sumaku, na ndiyo nyingi kuliko zote. Pentilanditi, ambamo nikeli ni kama theluthi ya uzito wake, imetanda kingoni mwa chembe za pirotiti na kuingia ndani yake kwa vijimiale vyembamba. Na kalkopiriti, ya manjano, yenye shaba ya theluthi moja pia. Ukishika kipande cha mbale nzima, utashangazwa na uzito wake kabla hujakitazama.

Kwa hiyo nikeli na shaba huzaliwa pamoja, ila haziishi sawa. Magma ya moto mkali, yenye magnesi nyingi, huleta nikeli zaidi. Ya basalti, iliyo baridi kidogo, huleta shaba zaidi. Taarifa za Kabanga zinazungumzia zaidi ya tani milioni 50 za mbale yenye nikeli ya asilimia 2 hivi, na shaba isiyofika nusu asilimia, pamoja na kobalti kidogo. (Binadamu naye hupenda kuziunganisha tena: shilingi yetu ya mwaka 1966, ile yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, ilikuwa ya shaba na nikeli.)

Kwingineko duniani hadithi hubadilika sura, salfa ikabaki pale pale. Norilsk, Siberia, magma ya volkano kubwa za miaka milioni 252 iliyopita ilipita kwenye matabaka ya chumvi za salfeti zilizoachwa na bahari iliyokauka. Kambalda, Australia Magharibi, lava ya komatiti ilitiririka juu ya sakafu ya bahari ikala mashapo yenye salfidi ikienda. Voisey's Bay nchini Kanada, iliyogunduliwa mwaka 1993, magma iliyeyusha mwamba wa kale uliokuwa na salfidi. Sudbury, Kanada pia, ni ya peke yake: miaka bilioni 1.85 iliyopita kimondo kikubwa kiligonga hapo kikayeyusha ganda la dunia lenyewe, na katika bahari ile ya mwamba ulioyeyuka salfidi ikajitenga ikazama. Mbale ya Sudbury iligunduliwa mwaka 1883 wakati wa kujenga reli.

Kabanga haikugunduliwa kwa bahati ya reli. Mradi wa utafutaji madini wa Umoja wa Mataifa uliipata katika miaka ya 1970, na tangu hapo imepita mikononi mwa kampuni kadhaa kabla ya Januari 2021, ilipoundwa Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Watu huuliza mbona imechukua miaka mingi hivyo. Bei na sera zina sehemu yao, ila jiolojia nayo ni ngumu. Mbale ya salfidi hupitisha umeme vizuri, na pirotiti ina sumaku, kwa hiyo ndege yenye vipimo ikipita juu inapaswa kuiona. Lakini lile lile tope la kale lililotoa salfa liliacha grafiti na salfidi zisizo na nikeli ndani ya shisti, na hizo nazo hupitisha umeme. Chombo kinalia, unachoronga, unakuta grafiti. Kilichoizaa mbale ndicho kinachoificha. Kinachosaidia ni kushusha vipimo ndani ya tundu lililokwisha kuchorongwa, visikilize kuna nini pembeni, na kupima nikeli na shaba katika udongo wa juu. Salfidi inayofika karibu na uso wa ardhi hushika kutu, ikaacha jiwe jekundu la chuma lenye vitundu, na ndani ya jiwe hilo athari ya nikeli na shaba inaweza kubaki.

Limebaki jambo la mwisho, na ndilo ninalojali kuliko bei ya nikeli. Katika tani moja ya mbale yenye nikeli ya asilimia 2 mna kilo 20 za nikeli. Mbale husagwa, kisha pentilanditi na kalkopiriti hueleshwa kwenye povu na kukusanywa kuwa makinikia. Sehemu kubwa ya pirotiti hubaki, pamoja na salfa yake. Ikikutana na hewa na maji, salfa ile inakuwa tindikali, na tindikali inayeyusha metali nyingine na kuzipeleka mtoni. Jambo hili linaweza kutokea hata kwetu: mikandaa ikikatwa na tope lake likakaushwa, udongo huwa mchungu hata mimea ikakataa, kwa sababu piriti ya bakteria imepata hewa. Pirotiti huoza kwa haraka kuliko piriti.

Na salfa inayokwenda na makinikia nayo lazima itoke mahali. Sudbury zamani walichoma mbale katika malundo ya wazi, moshi wa salfa ukaua misitu mpaka vilima vikabaki mawe meusi. Mwaka 1972 wakajenga dohani la mita 381 ili kuupeleka moshi mbali, na kazi ya kuotesha miti upya imechukua miongo. Kwa Kabanga, mpango uliotangazwa ni kusafisha makinikia kwa maji na kemikali bila kuyayeyusha kwa moto, katika eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama. Buzwagi ndiyo ile iliyotajwa sana mwaka 2017 katika mgogoro wa makinikia kusafirishwa nje. Njia hiyo inaondoa tatizo la moshi. Haiondoi pirotiti iliyobaki Ngara.

Ngara ni nchi ya milima na mvua. Mto Ruvubu unaingia Mto Kagera pale Rusumo, na Mto Kagera humwaga maji yake Ziwa Viktoria, maji ya mamilioni ya watu wa nchi tatu na zaidi. Zipo njia zinazojulikana: kuhifadhi mabaki chini ya maji ambako hewa haifiki, au kuyachanganya na saruji na kuyarudisha ndani ya mashimo yaliyochimbwa. Kwa hiyo nikipata taarifa yoyote ya mgodi ule, kabla ya kutazama tani na asilimia, naenda kwanza kwenye kurasa za mabwawa ya topesumu, yanakohifadhiwa mabaki ya mbale iliyosagwa: pirotiti inawekwa wapi, imefunikwa na nini, na maji yanayopita juu yake yanapimwa na nani.